Kiu Isiyokatika: Wajibu Wetu wa Kumwahisha Hospitali Mtoto Anayeshukiwa Kuwa na Kisukari

(Ifuatayo ni hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi, walimu na vijana katika kikao cha mafunzo ya afya.)





Mada tuliyopewa leo inahusu ugonjwa ambao dawa yake inajulikana tangu zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na ambao hata hivyo unaendelea kuwaua watoto wetu. Wengi wao hufa kabla ugonjwa haujatambuliwa. Ugonjwa huo ni kisukari kinachotegemea insulini, ambacho madaktari hukiita pia kisukari cha aina ya kwanza.

Neno kisukari linapotajwa, wengi wetu humfikiria mtu mzima, mwenye umri uliosogea na mwili mkubwa, aliyeambiwa na daktari apunguze wali na soda, atembee zaidi na kumeza vidonge asubuhi na jioni. Wagonjwa wa namna hiyo wapo, na ndio walio wengi. Lakini kipo kisukari kingine ambacho humpata zaidi mtoto na kijana, mara nyingi mwembamba, ambaye pengine katika ukoo wake hajapata kusikika mgonjwa wa kisukari. Kisukari cha mtu mzima huweza kukaa miaka bila kujulikana. Hiki cha mtoto kina haraka: kutoka dalili za mwanzo hadi kupoteza fahamu zinaweza kupita wiki chache tu, na kwa mtoto mchanga hata siku chache. Kwa hiyo jambo tunalotaka kulisisitiza leo ni moja: mtoto mwenye dalili za ugonjwa huu apimwe sukari siku ile ile zilipotambuliwa, wala isingojwe kesho.

UGONJWA HUU NI NINI?

Nyuma ya tumbo la chakula, Mwenyezi Mungu ameweka kiungo kiitwacho kongosho. Ndani yake zimo chembe hai zinazotengeneza insulini, na kazi ya insulini ni kuifungulia sukari mlango ili itoke katika damu na kuingia katika misuli na viungo vingine, nayo igeuke kuwa nguvu. Katika kisukari hiki, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu vya maradhi, hugeuka na kuziharibu zile chembe zinazotengeneza insulini. Zinapokuwa zimeharibiwa nyingi, insulini hupungua hadi kukaribia kwisha kabisa.

Hapo hali ya mtoto huwa kama ya familia yenye ghala lililojaa mahindi huku ufunguo wake umepotea. Sukari imejaa katika damu lakini mwili unakufa njaa. Yafaa ieleweke pia kwamba ugonjwa huu hauambukizi, wala hausababishwi na mtoto kula pipi au chai yenye sukari nyingi. Mama asilaumiwe kwa malezi, na mtoto asisutwe kwa ulafi. Lawama haimwondolei mtoto ugonjwa, nayo huwafanya watu waufiche.

DALILI: K NNE

Ili iwe rahisi kukumbuka, dalili kuu za ugonjwa huu zinaanza zote na herufi K, nazo ni nne.

1. Kiu. Mtoto anakunywa maji mno, anaamka usiku kuyatafuta, anabeba chupa kila aendako, na bado kiu haikatiki.

2. Kukojoa. Anakwenda chooni mara nyingi, mchana na usiku. Mtoto aliyekwisha acha kukojoa kitandani huanza tena. Dalili hii ya mwisho tuishike sana, kwa kuwa ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Baadhi ya wazazi hugundua pia kwamba sisimizi wanakusanyika pale mtoto alipokojoa. Wasilipuuze jambo hilo, maana wadudu hao wanafuata sukari iliyomo katika mkojo.

3. Kukonda. Nguo zinampwaya, mbavu zinaonekana, na huenda wakati huo huo anakula kuliko kawaida yake.

4. Kuchoka. Mtoto aliyekuwa akicheza mpira anakaa pembeni, anasinzia darasani, hana hamu na lolote.

Dalili hizi zote zina chanzo kimoja. Sukari inapozidi katika damu na kupita kiasi cha milimoli 10 hivi kwa lita, figo hushindwa kuizuia, nayo hutoka katika mkojo ikivuta maji mengi. Maji yakitoka, kiu huja. Sukari isipotumika, mwili huanza kuyeyusha mafuta na misuli yake, na hapo mtoto hukonda na kuchoka. Waganga wa zamani waliijua sura ya ugonjwa huu. Ibn Sina, tabibu mkubwa wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1037, aliueleza katika kitabu chake cha utabibu, akataja hata utamu ulioko katika mkojo wa mgonjwa. Waliuona ugonjwa, lakini hawakuwa na dawa yake. Sisi tunayo dawa, na ni jambo la kusikitisha kwamba mara nyingi ugonjwa hatuuoni.

KWA NINI HATUUONI?

Sababu ya kwanza ni kwamba kila dalili ikitazamwa peke yake ina maelezo mepesi. Kiu? Ni joto. Kukojoa kitandani? Ni uvivu, apigwe. Kukonda? Ni minyoo, au ndio umri wa kurefuka. Kuchoka? Amekesha akitazama televisheni. Ni mpaka dalili zikusanywe pamoja ndipo ukweli unapoonekana. Basi anayeishi na mtoto kila siku, yaani mama, bibi, dada mkubwa au mwalimu, ndiye mwenye nafasi ya kuzikusanya kabla ya daktari yeyote.

Sababu ya pili ni kwamba ugonjwa ukishakomaa huvaa sura ya maradhi mengine tuliyoyazoea. Mwili unaoyeyusha mafuta yake bila insulini hutoa uchafu uitwao ketoni, nao ukizidi hugeuza damu kuwa na asidi. Hapo mtoto hutapika, tumbo humuuma, hupumua kwa kina na kwa haraka kama aliyetoka kukimbia, pumzi yake hunukia kama tunda lililoiva kupita kiasi, midomo hukauka, kisha hulegea, husinzia na hatimaye hapoteza fahamu tu bali huweza kufa. Tazameni basi: kutapika na kulegea hudhaniwa malaria, maumivu ya tumbo hudhaniwa homa ya matumbo, kupumua haraka hudhaniwa nimonia. Katika nchi ambayo malaria ingalipo, mtu hawezi kulaumiwa kwa kuifikiria kwanza. Lakini kumpima mtoto malaria hakuzuii kumpima sukari saa ile ile. Kidole kimoja kinatosha vipimo vyote viwili.

Hatari huongezeka pale mtoto huyu aliyelegea anapopewa tiba ya uchovu tuliyoizoea majumbani: soda, juisi, au glukosi ya unga iliyokorogwa katika maji ili apate nguvu. Vivyo hivyo akitundikiwa dripu yenye sukari kabla ya kupimwa. Hiyo ni kumwagia mafuta ya taa nyumba inayoungua.

Utafiti uliofanywa Dar es Salaam kwa wagonjwa waliogunduliwa kati ya mwaka 1981 na 1987, na kuchapishwa mwaka 1990, ulionesha kwamba kwa wale waliohitaji insulini, kuzidiwa na ketoni kulikuwa moja ya sababu kuu za vifo. Hayo hayakutokea mbali. Yalitokea katika mji wenye hospitali kubwa kuliko zote nchini.

DAWA IPO

Ndugu wapenzi, kabla ya mwaka 1922 mtoto mwenye ugonjwa huu alikuwa hana tumaini. Madaktari bora wa Ulaya na Marekani waliweza kumpunguzia tu chakula hadi kukaribia kumfisha njaa, ili wamwongezee miezi michache ya kuishi. Mwaka 1921 katika Chuo Kikuu cha Toronto, nchini Kanada, daktari kijana Frederick Banting na msaidizi wake Charles Best, wakifanya kazi katika maabara ya Profesa John Macleod, walifanikiwa kutoa insulini katika kongosho la wanyama. Baadaye James Collip aliisafisha. Tarehe 11 Januari 1922 ilidungwa kwa mara ya kwanza kwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amedhoofika hadi kubaki na uzito wa kilo 30 hivi. Dawa ya siku ile haikuwa safi na haikumfaa. Tarehe 23 Januari akadungwa ile iliyosafishwa, na sukari yake ikashuka. Mvulana huyo aliyekuwa akingojea kifo aliishi miaka 13 zaidi.

Wavumbuzi hao waliiuza haki ya uvumbuzi wao kwa chuo kikuu kile kwa dola 1 kila mmoja, ili dawa isije ikawa mali ya mtu mmoja. Kila mwaka tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Banting, huadhimishwa kuwa Siku ya Kisukari Duniani. Shirika la Afya Duniani liliiingiza insulini katika orodha yake ya kwanza kabisa ya dawa muhimu, mwaka 1977. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba ugonjwa huu ni hukumu ya kifo. Hukumu hiyo ilikwisha batilishwa. Kinachobaki ni kumfikisha mtoto mahali penye dawa angali hai.

UJUMBE MFUPI UNAWEZA KUOKOA

Huenda mtu akasema kwamba maneno ya mikutanoni hayatibu. Na tutazame mfano wa jimbo la Parma, nchini Italia. Huko, kati ya mwaka 1987 na 1991, katika kila watoto 100 waliogunduliwa kuwa na kisukari hiki, 78 walifikishwa hospitali wakiwa tayari wamezidiwa na ketoni. Mwaka 1991 ilianzishwa kampeni nyepesi. Mabango yenye maneno ya kueleweka kuhusu dalili za ugonjwa yalibandikwa katika shule 177, na madaktari wa watoto wa jimbo hilo wakapewa vifaa vya kupimia sukari katika damu na mkojo, pamoja na kadi za maelezo za kuwapa wazazi. Katika miaka iliyofuata, hadi 1997, idadi hiyo ilishuka kutoka asilimia 78 hadi asilimia 12.5.

Haikuvumbuliwa dawa mpya wala haikujengwa hospitali mpya. Wazazi na walimu walisoma bango, wakatambua, wakaenda mapema. Italia ina hospitali nyingi kuliko sisi, hilo ni kweli. Lakini hata huko, hospitali hizo hazikuwa zikiwasaidia watoto mapema mpaka mzazi alipojua la kutazama. Je, bango kama lile linaweza kutushinda sisi kubandika katika shule zetu, madrasa zetu na milango ya misikiti yetu?

UDHURU TUNAOJIPA

Sasa tuseme kwa uwazi juu ya mambo yanayotuchelewesha.

Kwanza, wapo wanaoona kwamba mtoto amepagawa au amehusudiwa, wakamfunga hirizi au kumnywesha kombe siku tatu, siku saba. Tumwombee mtoto dua, naam, tena kwa moyo wote; dua ni silaha ya muumini. Lakini Mtume Mtukufu (s.a.w.) aliwahimiza wafuasi wake watafute dawa wanapougua, wala hakuwafundisha kwamba kutafuta dawa ni upungufu wa imani. Anayemtegemea Mungu hufanya sababu kwanza, kisha huyaacha matokeo kwake. Dua iombwe njiani kuelekea hospitali, nayo itasikika vile vile.

Pili, mitishamba. Yapo majani na magome yanayosifiwa kushusha sukari, na watu wazima hueleza kwamba yamewasaidia. Hatuna haja ya kubishana nao hapa. Mtoto tunayemzungumzia hana insulini mwilini, na hakuna mzizi, jani wala kidonge kinachoweza kukaa mahali pa insulini. Siku anayoitumia kujaribu dawa ya kienyeji ni siku ambayo ketoni zinaongezeka.

Tatu, kungojea ruhusa. Katika nyumba nyingi mama huona hatari, lakini hungoja baba arudi safari au wakubwa wa ukoo wakutane. Akina baba tunaosikia maneno haya, tuwaambie wake zetu leo, kabla ya dharura: mtoto akionekana hivi, chukua usafiri uende, utanijulisha ukiwa njiani. Ruhusa hiyo itolewe mapema, ikajulikane kwa bibi na kwa shangazi.

Nne, fedha. Umaskini si jambo la kudharauliwa, na tunajua kwamba nauli peke yake huweza kumshinda mtu. Lakini kipimo cha tone moja la damu ni miongoni mwa vipimo vya bei nafuu, na mtoto aliyewahi hutibiwa kwa gharama ndogo kuliko aliyefikishwa hana fahamu. Tangu mwaka 2009 upo mpango wa kuwapatia watoto wenye kisukari insulini na vifaa bila malipo katika nchi kadhaa, zikiwemo Tanzania, Uganda na Kongo. Na mwezi Agosti 2022, mjini Lomé, nchi za kanda ya Afrika za Shirika la Afya Duniani zilipitisha mkakati wa kuyashusha matibabu ya maradhi sugu kama haya hadi hospitali za wilaya. Kwa hiyo mzazi aulize katika kliniki ya kisukari iliyo karibu naye ni msaada gani unaopatikana. Na jamaa wa mtaa au msikiti wakichanga nauli ya mgonjwa mmoja, watakuwa wametoa sadaka kubwa.

Tano, kuiogopa insulini. Utasikia, fulani alianzishwa sindano akafa. Mara nyingi ukweli ni kwamba fulani alianzishwa sindano akiwa amechelewa. Wengine husema sindano hizo zikishaanza haziachiki, kana kwamba ni ulevi. Mtoto haachi insulini kwa sababu ile ile ambayo sisi sote hatuachi maji: mwili hauishi bila hiyo. Tofauti ni kwamba sisi yetu inatengenezwa ndani na yeye yake inatoka katika chupa.

KUHUSU MWEZI WA RAMADHANI

Yafaa tuuseme mwezi huu mtukufu peke yake, kwa kuwa ndani yake dalili za ugonjwa hujificha. Kijana wa miaka 15 anayefunga akilalamika kiu, akichoka adhuhuri na kupungua mwili, kila mmoja humsifu kwa ustahimilivu. Tutazame usiku. Aliyefunga tu hukata kiu akishafuturu na kupata daku. Mwenye kisukari hunywa usiku kucha asitosheke, na kila mara huinuka kwenda kukojoa. Tukiona hivyo, apimwe usiku huo huo. Dini yetu haikumkalifisha mgonjwa. Imemruhusu kufungua, na hilo ni jambo lisilo na mabishano. Kijana aliyekwisha gundulika kuwa na ugonjwa huu asifunge kwa kuona haya mbele ya wenzake. Amsikilize daktari wake, nasi tusimtazame kwa jicho la kumdharau.

NINI CHA KUFANYA?

1. Tukiona dalili hizi, hata mbili tu kati ya zile nne, mtoto apelekwe siku hiyo hiyo katika zahanati au kituo cha afya chochote chenye kipimo cha sukari.

2. Tukifika, tuseme kwa adabu lakini waziwazi: "Mtoto huyu anakunywa maji mno, anakojoa mno na amekonda. Tunaomba apimwe sukari sasa." Maneno hayo machache humsaidia mhudumu mwenye foleni ndefu kufika haraka penye tatizo. Hilo si kumfundisha kazi, ni kumpa habari ambazo sisi tu ndio tunazo.

3. Kipimo cha wakati wowote kinatosha. Hakuna haja ya mtoto mwenye dalili kurudishwa nyumbani ili aje kesho asubuhi akiwa hajala. Mwenye dalili akionekana ana milimoli 11.1 kwa lita au zaidi, ambayo katika mashine nyingine huandikwa 200, ana kisukari, na safari ya hospitali yenye insulini ianze hapo hapo. Mashine ikiandika herufi HI badala ya namba, haijaharibika; inasema kwamba sukari imepanda kupita uwezo wake wa kuhesabu. Hiyo ni dharura kubwa.

4. Mahali pasipo na kipimo cha damu, kipimo cha kijiti cha mkojo huonesha sukari na ketoni. Kisipokuwepo hicho pia, tusikae. Twende kituo kinachofuata.

5. Anayetapika, anayepumua kwa haraka, anayenukia kama tunda au anayesinzia asilale nyumbani hata usiku mmoja. Kama anaweza kumeza, apewe maji safi kidogo kidogo njiani. Asipewe soda, juisi wala glukosi ya unga. Akiwa hana fahamu, asitiwe kitu chochote kinywani.

6. Tusimmezeshe vidonge vya babu yake, wala tusimdunge insulini ya jirani kwa kukisia. Kiasi cha mtoto hupimwa kwa uzito wake na hali yake. Katika hospitali, mtoto aliyezidiwa hupewa maji ya mshipani yenye chumvi, insulini na madini kwa mpangilio unaoangaliwa saa hadi saa. Anapotibiwa mapema mahali penye vifaa kamili, watoto wanaokufa kwa hali hiyo ni chini ya 1 katika kila 100.

BAADA YA KUGUNDULIWA

Hatuwezi kumaliza bila kutaja mtego mmoja. Baada ya wiki au miezi michache ya kutumia insulini, baadhi ya watoto hupata nafuu kubwa. Chembe chache zilizosalia katika kongosho hupumzika na kufanya kazi tena kwa muda, na kiasi cha sindano hupungua sana. Hapo ndipo jirani husema amepona, na mwenye kuuza dawa ya kienyeji hujitwalia sifa. Mzazi akiacha sindano kwa furaha hiyo, ugonjwa hurudi, na safari hii pengine usiku na mbali na hospitali. Nafuu hiyo ni ya kupita. Insulini isiachwe kabisa, hata siku ambayo mtoto anaumwa na hawezi kula. Siku hiyo aangaliwe kwa karibu zaidi na daktari aulizwe.

Kadhalika mzazi ajifunze dalili za sukari kushuka mno: kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Hapo, na hapo tu, sukari au soda ndiyo dawa, ikiwa mtoto yu macho na anaweza kumeza. Na asiye na jokofu asikate tamaa. Chupa ya insulini iliyofungwa vizuri na kuhifadhiwa ndani ya chombo cha udongo kilichowekwa katika chungu kingine chenye mchanga uliolowana, kivulini, hukaa katika ubaridi unaosaidia sana. Mitungi ya bibi zetu ilijua kazi hiyo kabla ya umeme.

WAJIBU WETU SOTE

Walimu wa shule na wa madrasa, mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni mara nne katika kipindi kimoja msimwadhibu kabla ya kumwuliza. Anayeadhibiwa hatauliza tena. Atajibana, ataacha kunywa maji, na ugonjwa utaendelea kimya kimya. Mwiteni mzazi wake mumweleze mlichokiona.

Viongozi wa mitaa na misikiti, bandikeni zile K nne mahali panapoonekana: Kiu, Kukojoa, Kukonda, Kuchoka. Chini yake mwandike: Apimwe sukari leo. Karatasi moja na gundi kidogo.

Na vijana, ugonjwa huu hauishii kwa watoto wadogo. Huweza kumpata mtu wa miaka 20 au 30, akaambiwa ana mawazo tu au akashukiwa ugonjwa mwingine kwa sababu amekonda. Mkiyaona haya kwa rafiki, mshikeni mkono mwende naye.

Ndugu zetu wapenzi, mtoto ni amana tuliyokabidhiwa, na mwenye amana huulizwa. Hatutaulizwa kwa nini kongosho lake liliacha kazi, kwa kuwa hilo halikuwa mikononi mwetu. Lakini kiu tuliyoiona kwa macho, mkojo tuliousafisha asubuhi, na mbavu tulizozihesabu tukimwogesha, hivyo vilikuwa mikononi mwetu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape nguvu wanaowahudumia, na atujaalie macho ya kuona mapema na miguu myepesi ya kwenda. Amin.